Fanani Asiyesikia: Muziki wa Kompyuta na Kosa la Wahakiki wa Utendaji

Wapo wahakiki wa fasihi simulizi ambao, wakiulizwa juu ya kompyuta inayotoa muziki wakati fanani yumo jukwaani akitenda, hujibu kabla swali halijakamilika. Mashine haina roho, husema. Haina ukoo, haijafiwa wala kuoa, na kwa hivyo haina nafasi katika sanaa ambayo msingi wake ni mtu hai mbele ya watu hai. Jibu hili limekaririwa katika semina na tasnifu hata likapata hadhi ya methali, na kama ilivyo ada ya methali, hakuna anayelidai ushahidi. Makala haya yanaudai ushahidi huo. Yanashikilia kwamba kinachoua utendaji ni muziki usiosikia, uwe umetoka kwa mashine au kwa mtu, na kwamba wahakiki wamelikwepa suala la usikivu kwa muda mrefu kabla kompyuta haijapandishwa jukwaani.

Neno usikivu latumika hapa kwa maana mahususi. Ni uwezo wa muziki unaosindikiza tendo kubadilishwa na tendo hilo papo hapo, na wakati uo huo kulibadilisha. Mfano wa nyatiti ya Waluo unatosha kulifafanua. Mchezaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane ikiwa mbele yake, njuga zimefungwa mguuni, na pete ya chuma imevishwa kidole gumba cha mguu ili kuugonga mwili wa ala. Tayari mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mshika mapigo. Lakini jambo ambalo mafunzo ya darasani hulipitia haraka ni pakruok. Katikati ya wimbo mmoja wa hadhira huinuka, hutoa fedha, na kuukata muziki. Mchezaji hunyamaza. Aliyetoa fedha hujisifu, huwasifu wa kwao na marafiki zake kwa mafumbo na majigambo, kisha wimbo hurudi. Hadhira imeununua ukimya, na ukimya huo ni sehemu ya utunzi. Mhakiki anayeunukuu wimbo wa nyatiti kwa kuandika maneno ya mwimbaji peke yake ameacha nje ya ukurasa jambo linaloutofautisha wimbo huo na shairi lililochapishwa.

Mantiki hiyo hiyo iko pwani. Katika taarab, mtunzaji hujongea kwa maringo hadi mbele ya mwimbaji akiwa na noti mkononi, kwa sababu ubeti unaoimbwa umemgusa au unamgusa hasimu wake, na mwimbaji aweza kuurudia ubeti huo kwa ajili yake. Katika ngoma za pepo jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Kila pepo ana nyimbo zake na mapigo yake. Wapigaji hujaribu pigo hili na lile huku wakimtazama mgonjwa, hadi mwili wake uitike. Mpiga ngoma anayeendelea na pigo alilolipanga nyumbani hata kama mgonjwa haitiki ameshindwa kazi yake, hata kama mkono wake ni hodari namna gani.

Kwa kipimo hiki, matatizo hayakuanza na kompyuta. Yalianza na mashine ya kunasa sauti, na Afrika ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alichukua mashine iliyonasa sauti kwenye waya, akairekodi sherehe ya zar, ambayo ni ya jamii moja na ngoma za pepo, kisha akazigeuza sauti zile kwa mwangwi na kwa kuondoa baadhi ya sehemu zake hadi nyimbo zenyewe zikawa kama zinatoka mbali. Kazi hiyo iliyatangulia kwa miaka minne majaribio ya Pierre Schaeffer ya mwaka 1948 huko Paris, ambayo vitabu vingi huyahesabu kuwa ndiyo chimbuko la muziki wa kanda. Heshima ya El-Dabh imechelewa, na yafaa apewe. Hata hivyo, lililotendeka pale linapaswa kutazamwa bila kupepesa macho. Sherehe ambayo uhai wake ulikuwa katika kujaribu na kuitikiwa iligeuzwa kuwa waya uliokamilika. El-Dabh alikuwa akitunga kazi mpya na alijua hivyo. Waliokuja baadaye, wakaichukua kanda na kuiwasha jukwaani ili mchezaji wa dansi aikimbize, hawakujua walichopoteza.

Wanaoikataa kompyuta kwa sababu ya roho hawajapata kuikataa kanda. Mwimbaji anayesimama mbele ya umati na kuimba juu ya muziki uliorekodiwa anaitwa fanani bila mjadala. Tasnifu huandikwa juu yake. Iwapo hadhira itapiga makofi kwa dakika nzima, muziki hautangoja. Iwapo mwimbaji atasahau mstari, muziki utamwacha. Iwapo mtu atainuka kutunza, itabidi atunze kwa haraka. Hapa roho zipo tele, za wapigaji waliorekodiwa na za aliyeimba, lakini kusikilizana hakuna.

Hoja ya pili ya wahakiki hao ni kwamba kompyuta hutunga kwa kanuni, na kwamba kilichotungwa kwa kanuni si sanaa. Hoja hii ni ya kushangaza ikitoka kwa watu wa ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na vizazi vya wanafunzi vimefunzwa kuhesabu mizani nane kwa nane, kupanga vina vya kati na vya mwisho, na kuukataa mshororo uliozidi silabi moja. Miaka miwili mitatu baadaye, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson walitunga Illiac Suite kwa msaada wa kompyuta ya chuo hicho, kazi iliyokamilika mwaka 1957. Utaratibu wao ulikuwa huu: kompyuta ilipendekeza noti kwa bahati nasibu, na sheria za utunzi wa sauti sambamba zikazikataa noti zisizofaa, hadi zikabaki zilizoruhusiwa. Kisha noti hizo ziliandikwa upya na kupigwa na wanadamu wanne wenye vinanda vya nyuzi. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha tarbia za kidato cha tatu ataitambua kazi hiyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kambi ya mapokeo ilidai kwamba kisichokuwa na vina na mizani si ushairi. Leo kambi iyo hiyo ya mawazo inadai kwamba kinachozalishwa na sheria si sanaa. Madai hayo mawili hayawezi kukaa chungu kimoja.

Ukweli ni kwamba sheria haijapata kuwa adui wa fanani. Shairi la mizani kumi na sita lilitungwa ili litiwe mahadhi, na mwimbaji mzuri huivuta silabi hii na kuimeza ile, hata sheria ikabaki kama ukuta ambao mtu huegemea ili aweze kuruka. Illiac Suite ilikuwa na bahati kwamba wapigaji wake walikuwa watu na waliweza kuvuta pumzi kati ya noti. Njia nyingine iliyoanza mwaka uo huo wa 1957 haikuwa na bahati hiyo. Katika maabara za Bell huko Marekani, Max Mathews aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe sauti yenyewe; kipande cha kwanza kilidumu kwa sekunde 17. Mashine za wakati ule hazikuweza kukokotoa sauti kwa kasi ya masikio, kwa hiyo matokeo yalihifadhiwa kwenye kanda na kusikizwa baadaye. Muziki wa kompyuta ulipoletwa kwa wachezaji wa dansi na wasanii wa jukwaani, mara nyingi ulikuja ukiwa umekwisha kupikwa. Sifa mbaya ya kompyuta kuwa chombo kisichosikia ilitokana na upungufu wa kasi ya mashine za enzi hizo, na wahakiki wakaufanya upungufu huo kuwa falsafa.

Majaribio ya kutoka katika kifungo hicho yalikuwapo mapema. Tarehe 23 Julai 1965, jijini New York, kikundi cha Merce Cunningham kilicheza Variations V ya John Cage. Jukwaa lilitegwa antena na vitambuzi vya mwanga, na wachezaji walipozikaribia antena au kuikata miale ya mwanga, sauti zilizinduka. Kazi hiyo husifiwa kila inapotajwa, na inastahili kusifiwa. Lakini sauti zilizozinduliwa zilipitia kwanza mikononi mwa Cage, David Tudor na Gordon Mumma, ambao ndio walioamua zisikike vipi na kwa kiasi gani. Mchezaji aligonga mlango, mabwana wa nyumba wakaamua kama watafungua. Aidha, Cage na Cunningham waliamini kwamba muziki na dansi vitungwe mbalimbali na vikutane siku ya onyesho. Imani hiyo ina fahari yake, ila haina undugu na ngoma, ambapo mguu na ngozi huulizana.

Mfano ulio karibu zaidi na mantiki ya pakruok ulitoka kwa George Lewis, mpiga tromboni Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Chicago mwaka 1952 na kukulia kisanaa katika chama cha wanamuziki cha AACM jijini humo. Mwaka 1984 aliwasilisha katika kituo cha IRCAM, Paris, kazi iitwayo Rainbow Family, ambamo kompyuta ziliwasikiliza wanamuziki na kuwajibu papo hapo. Kati ya mwaka 1986 na 1988, katika kituo cha STEIM kilichokuwa Amsterdam, alijenga programu aliyoiita Voyager. Programu hiyo hupokea kinachopigwa na mwanadamu, hukichambua kwa kasi, kwa nguvu, kwa kina cha sauti, kwa urefu wa ukimya, kisha huamua la kufanya kwa niaba ya kundi la wachezaji wa kielektroniki ambao katika toleo mojawapo walifika 64, kila mmoja akiweza kwenda kwa mwendo wake. Akinyamaza mpiga tromboni, Voyager haikwami kama mtumwa asiyepewa amri. Huendelea na mawazo yake. Akirejea, yaweza kumfuata, kumpinga, au kumpuuza.

Hapo penye kupuuza ndipo wahakiki wengi watakapojikwaa, na ndipo pana utajiri. Usikivu si utiifu. Mavazi yenye vihisio, ambayo mchezaji akiinua mkono sauti hupanda na akiushusha hushuka, hayamsikilizi mtu; yanamwiga tu. Mpiga ngoma anayefuata miguu ya mchezaji kama kivuli hafai kuitwa mpiga ngoma, kwa sababu hana la kumpa mchezaji ambalo hakuwa nalo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2000 katika Leonardo Music Journal, Lewis aliieleza programu yake kwa kurejelea sifa ya sanaa za watu weusi ya kuwa na vitovu vingi kwa wakati mmoja, pasipo kimoja kuwa bwana wa vingine. Akakataa kabisa mpangilio wa kompyuta mtumishi na binadamu mtawala. Hivyo basi hata neno kusindikiza, ambalo limetumika katika makala haya kwa sababu ndilo lililozoeleka, lafaa litiliwe shaka. Nani humsindikiza nani katika vugo? Wanawake wanaopiga pembe ndio hao hao wanaoimba na kucheza.

Lewis aliandika programu yake mwenyewe. Jambo hili lisipuuzwe, kwa kuwa ndilo linalotenganisha mfano wake na hali ya wasanii wengi wanaonunua au kuazima programu iliyotengenezwa tayari. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mfumo wa MIDI uliotangazwa mwaka 1983, ambao hadi leo ndio lugha ya mawasiliano kati ya ala nyingi za kielektroniki, huzipa noti namba kuanzia 0 hadi 127, na kwa kawaida namba hizo husimamia hatua kumi na mbili za kinanda cha Ulaya kwa kila oktava. Maqamu kama rasti na bayati, ambazo taarab ya pwani ilizirithi kutoka Misri na Arabuni, zina sauti zinazokaa katikati ya namba hizo. Zaweza kupatikana kwa hila, kwa kuipinda noti, lakini mfumo unazihesabu kuwa mkengeuko. Ndivyo ilivyo kwa mpiga nyatiti anayezikaza nyuzi zake kufuata koo lake. Ndivyo ilivyo pia kwa chakacha, ambayo mapigo yake mawili na matatu yanayosukana hupondwa na programu inayoanza kila ukurasa mpya kwa kudhani pigo la nne kwa nne. Msanii anayefungua programu ya namna hiyo na kuanza kutunga bila kubadilisha lolote amekwisha kutia sahihi nadharia ya muziki ambayo hakuisoma. Mhakiki anayeihakiki kazi yake kwa kutaja tu kwamba "imetumia teknolojia ya kisasa" ametia sahihi mara ya pili.

Tangu mwaka 2023 hali imezidi kuwa ngumu kwa sababu ya programu zinazopokea sentensi moja na kutoa wimbo mzima, wenye sauti ya mwimbaji, kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Wenye kuhofu na wenye kushangilia wote huzungumza kana kwamba jambo hili ni jipya kabisa. Kwa upande wa jukwaa, wimbo huo ni kaseti. Umekamilika kabla fanani hajapanda, na fanani akikatizwa, hautajua. Wepesi wa kuuzalisha haukuongeza usikivu hata chembe. Umeongeza tu idadi ya kanda. Ajabu ni kwamba programu ya Lewis, iliyoendeshwa na mashine za miaka ya 1980 ambazo leo hazingetosha kuendesha simu ya mkononi, iko karibu zaidi na pakruok.

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa nadharia, nalo ni la riziki. Kikundi cha maigizo kilichowahi kuwalipa wapiga ngoma watatu na mpiga zumari kikinunua kompyuta moja, watu wanne hurudi nyumbani. Hili ni kweli, na usikivu wa mashine hautawarudisha. Kompyuta inayosikia vizuri yaweza kuwafukuza upesi zaidi. Itoshe kusema kwamba Voyager ilipotolewa kwenye santuri mwaka 1993 ilikuwa na Roscoe Mitchell akipuliza saksafoni pamoja na Lewis mwenyewe. Ilijengwa iwe na watu wa kubishana nao. Wanaotunza mikoba ya vikundi ndio wa kuulizwa kwa nini waliamua kununua mashine badala ya watu, na mhakiki aliyekaa kimya wakati wapiga ngoma wakibadilishwa na kanda asijitokeze sasa kama mtetezi wao.

Idara za fasihi nazo zina deni. Waraka wa mwaka 1968 ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuandika katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulidai fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo, na dai hilo lilishinda. Lakini kilichoingia darasani kwa sehemu kubwa ni maneno. Mwanafunzi hutumwa nyanjani, hurudi na sauti alizorekodi, huandika mashairi yaliyomo, huyatafsiri, huyachambua kwa taswira na takriri. Sauti zenyewe husahaulika kabatini. Ngoma hutajwa katika sentensi moja ya utangulizi: wimbo huu huimbwa kwa kusindikizwa na ngoma. Ngoma ilifanya nini? Iliingia wapi, ilimngoja nani, ilimkosesha nani pumzi? Taaluma isiyo na majibu ya maswali haya kuhusu ngoma ya ngozi haina haki ya kutoa hukumu kuhusu ngoma ya umeme.

Nyenzo za kujifunzia hazikosekani. Pure Data, programu aliyoianzisha Miller Puckette katika miaka ya 1990 baada ya kubuni Max huko IRCAM, hupatikana bila malipo. Huonyesha kwenye kioo visanduku na nyaya zinazoviunganisha, hata asiye mhandisi akaweza kufuata sauti inatoka wapi na inaamuliwa na nani. Nayo huruhusu ngazi ya sauti yoyote, hata ya mpiga nyatiti mmoja wa kijiji kimoja. Wasanii waliojikusanya Hamburg mwaka 2004 na kuunda TOPLAP wamekwenda mbali zaidi: huandika programu mbele ya hadhira na kulionyesha andiko lao ukutani linapoandikwa, pamoja na makosa yake. Programu ni andiko. Ina msamiati, ina urudiaji, ina masharti na vighairi, ina mambo iliyoyanyamazia. Mtu aliyezoea kuzisoma tungo za Muyaka kwa kuzingatia alichokificha mtunzi hana sababu ya kuiogopa.

Mtahiniwa wa uzamili anayewasilisha kazi ya jukwaani iliyoambatana na muziki wa kompyuta adaiwe basi mambo mawili. Aambatishe programu yenyewe katika tasnifu, kama anavyoambatisha matini ya nyimbo, na aihakiki. Kisha siku ya kutahiniwa, mtahini mmoja aketi mstari wa mbele akiwa na noti ya shilingi mia mfukoni. Ubeti wa pili ukifika katikati, ainuke, aitupe noti miguuni mwa fanani, aanze kujisifu kwa sauti. Na watahini wengine waisikilize kompyuta.